Programu yako inadhani una stoo

Ujumbe wa sauti wa dakika saba uliingia saa sita kasoro usiku. Kwa kawaida ujumbe wa urefu huo kwangu unasubiri asubuhi. Lakini sekunde za mwanzo nilisikia mtu anavuta pumzi kama aliyetoka kulia, nikausikiliza wote nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Ni dada mmoja ninayemheshimu sana, mchapakazi, si mtu wa kudanganywa hovyo. Alianza dropshipingi miezi minne iliyopita, yaani kuuza mtandaoni vitu asivyoviweka yeye: mteja ananunua dukani kwake, saplaya anamtumia mzigo moja kwa moja. Programu ya kuendeshea duka la mtandaoni aliilipia mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu "mwalimu" mmoja kwenye video alisema ndiyo bora kuliko zote, na chini ya video akaweka kiungo chenye punguzo. Sasa ana oda thelathini na kitu zilizokwama, wateja tisa wamelalamika kwenye kampuni ya malipo, na hiyo programu bora kuliko zote inamwonyesha alama ya kijani kila mahali.

"Kila oda imeandikwa imetumwa, kaka. Mimi sijui kilichotumwa ni kipi."

Sikulala vizuri. Huruma ilikuwepo, ila hasira iliizidi.

Nianze na huyo mwalimu nimmalize, tuendelee. Kiungo chake kinamwingizia kamisheni kila mtu anapojiunga. Sina ugomvi na hilo, kila mtu na riziki yake. Lakini kamisheni inaingia siku unayojiunga, na ubovu wa programu unaonekana siku oda inapoharibika. Kati ya siku hizo mbili mwalimu ameshahamia video nyingine, mgongoni taa za zambarau, anawaambia wengine kwamba duka linafunguliwa kwa dakika kumi na tano. Ni kweli, linafunguliwa. Hata langu la kwanza nililifungua kwa muda huo huo. Kulifunga ndiko kulikochukua miezi.

Ukisoma zile makala za kulinganisha programu utadhani zote zimeandikwa na mtu mmoja. Mandhari ngapi (ule mwonekano wa duka), programu-jalizi ngapi (vile viprogramu vya kuongezea kazi), rahisi kiasi gani kwa anayeanza, nyota nne na nusu. Hakuna anayeuliza swali ambalo kwa mtu wa dropshipingi ni la kwanza na la mwisho: hii programu inadhani mimi ni nani?

Maana programu za maduka, karibu zote, ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye stoo. Fungua ukurasa wa bidhaa kwenye yoyote unayoijua, iwe Shopify ya mwaka 2006, Magento ya 2008 au WooCommerce ya 2011. Utakuta kisanduku cha idadi iliyopo. Utakuta anwani moja ambako mzigo unatokea. Utakuta oda yenye hadhi: mpya, inashughulikiwa, imekamilika. Vyote hivyo vinamhusu mtu anayeamka asubuhi, anaingia stoo, anahesabu, anafunga boksi, anabandika karatasi. Wewe huna stoo. Una saplaya watatu ambao hujawahi kuwaona, na rafu zao zinauzwa na maduka mengine chungu nzima kwa wakati mmoja. Ile idadi iliyopo kwenye ukurasa wako ni umbea. Ni habari ulizosikia kwa mtu jana, na leo unamuuzia mteja ukiapa kwamba ni kweli.

Nilivyolijua hili: niliwahi kuuza taa ya mezani, ile yenye shingo ya kupinda. Ilikuwa inakwenda vizuri. Programu-jalizi iliyoniunganisha na saplaya ilijisifu kwamba inasawazisha stoku yenyewe, na mimi nikaamini neno "yenyewe". Siku saplaya alipoishiwa, duka langu liliendelea kuuza kwa furaha. Taa kumi na moja. Nilipokwenda kuchimba kwenye mipangilio, ndani kabisa, ukurasa wa tatu, nikakuta: kila baada ya saa 24. Kumbe kusawazisha kwenyewe kulikuwa ni mara moja kwa siku, na ukitaka kila saa, lipia mpango wa juu. Nikawarudishia hela watu kumi na mmoja. Kampuni ya malipo haikunirudishia makato yake, kwa sababu kampuni nyingi za malipo haziyarudishi hata muamala ukifutwa. Yaani nililipa ada mara kumi na moja kwa kutouza kitu.

Hiyo ilikuwa nafuu. Kilichonimaliza ni oda ya vitu vitatu.

Mteja mmoja alinunua taa hiyo hiyo (ilikuwa imerudi), kishikio cha kompyuta mpakato, na pakiti ya vibanio vya waya. Vitu vitatu, saplaya watatu, nchi mbili. Wa vibanio akawa wa kwanza kunipa namba ya kufuatilia mzigo. Nikaiingiza. Programu ikaona namba moja, ikafunga hesabu: oda nzima imetumwa, na papo hapo ikampelekea mteja barua pepe ya shangwe, "Mzigo wako uko njiani!" Siku ya tisa mtu wa watu akapokea bahasha nyembamba kama ya ankara ya maji. Akaniandikia swali moja tu: "Samahani, taa imo humu ndani?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Yeye hakuwa anatania. Aliamini barua pepe yangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza programu ipi, swali langu kwake ni hili: oda moja ikigawanyika kwa saplaya watatu, inafanya nini? Inaweza kuonyesha kwamba kimoja kimeondoka na viwili bado? Mteja anaambiwa hivyo, au anaambiwa "uko njiani" halafu akae? Kimoja kikikosekana, naweza kurudisha hela ya hicho tu, na punguzo alilopewa likagawanywa sawasawa, au nitafute kikokotoo? Shopify tuipe haki yake hapa, inaruhusu oda kutumwa vipande vipande bila kuongeza kitu chochote. WooCommerce kwa miaka mingi hadhi ya oda imekuwa moja kwa oda nzima, vipande unavitafutia programu-jalizi. Nalisema hili nikiwa mtumiaji wa WooCommerce, na linaniuma.

Kisha kuna anwani. Hili hutalisoma kwenye ulinganisho wowote, naapa. Mteja akijaza fomu ana mstari wa kwanza wa anwani na mstari wa pili. Kwenye mstari wa pili ndimo watu wanaweka namba ya nyumba ndani ya jengo. Faili niliyokuwa naitoa kwenye duka kumpelekea saplaya ilikuwa na safu zote mbili. Fomu ya saplaya ilikuwa na mstari mmoja tu. Mtambo ukachukua safu ya kwanza, wa pili ukaudondosha kimya kimya, bila hata onyo. Mizigo ikawa inafika kwenye jengo lenye nyumba sitini na kukosa wa kumpokea. Niligundua baada ya wiki, usiku, kidole kikiwa juu ya skrini nikifuata safu moja moja kwenye Excel. Wiki nzima nilikuwa namlaumu mtu wa posta.

Sasa nasikia mtu anasema: hayo si makosa ya programu, ni ya saplaya. Sawa. Saplaya mbovu hatengenezwi na programu yoyote, na mwenye saplaya mmoja na bidhaa tano atumie chochote anachotaka, hata daftari. Nakubali. Ila saplaya simchagui mara moja tu maishani, nambadilisha hata kesho. Programu ya duka kuibadilisha ni kuhama nyumba usiku wa mvua.

Mimi nimehama mara moja. Bidhaa zilitoka kwa faili la CSV, lile la majedwali ya maandishi matupu, bila shida kubwa. Picha nusu zilipotea majina. Anwani za kurasa zote zilibadilika, ikabidi nizielekeze upya moja moja ili Google isinisahau. Maoni ya wateja yalikuwa yamehifadhiwa na programu-jalizi ya mtu mwingine kabisa, ambaye alitaka nilipie mwezi mmoja zaidi ili anipe maoni ya wateja wangu mwenyewe. Nywila za wateja hazikuhama, na hilo ni sawa kiusalama, lakini jaribu kumweleza mteja wa miaka miwili kwa nini duka halimtambui tena.

Na usijidanganye kwamba hutahama kwa sababu programu yako ni ya kampuni kubwa. Kampuni kubwa haihami, ila miguu yake inakatwa. Mnakumbuka Oberlo, ile programu-jalizi ya kuunganisha duka la Shopify na saplaya. Shopify waliinunua mwaka 2017, na kwa miaka kadhaa ukisema dropshipingi kwenye Shopify ulikuwa unasema Oberlo, kitu kimoja. Walimu wote waliifundisha. Juni 2022 ikafungwa. Duka lako lipo, nembo ipo, mandhari yako nzuri ipo, lakini uzi uliounganisha bidhaa na saplaya ndio huo umekatwa, hamia DSers, programu-jalizi nyingine ya kazi hiyo hiyo, au utajua mwenyewe. Waliokuwa na bidhaa kumi walisumbuka jioni moja. Waliokuwa na mia nane walikaa wanaunganisha upya, bidhaa kwa bidhaa, rangi kwa rangi, saizi kwa saizi.

Kwa hiyo nikitazama programu siku hizi sihesabu ina programu-jalizi ngapi sokoni kwake. Nahesabu nitahitaji ngapi ili nifanye kazi ya kawaida. Kila moja ni ankara ya kila mwezi, na kila moja ni mtu nisiyemjua ambaye siku akichoka, mguu mmoja wa duka langu umekwenda naye.

Malipo nayo yana makala yake siku nyingine, ila msiingie kichwa kichwa. Angalia kwanza kama huduma ya malipo ya programu hiyo inakubali nchi uliyosajili biashara. Shopify ukitumia malipo ya nje wanakata chao juu yake, asilimia 2 kwenye mpango wa Basic, na kwenye faida zetu hizi nyembamba asilimia 2 si ya kuipita kwa mkono. PayPal wakikushuku wanaweza kushikilia hela hadi siku 180. Saplaya wako hatangoja siku 180.

Kodi: wanaouza Marekani mmeshaona msamaha wa ushuru wa forodha kwa mizigo ya chini ya dola 800 umeondolewa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, na Umoja wa Ulaya walishafuta ule wa VAT kwa mizigo ya hadi yuro 22 tangu Julai 2021. Programu inayodhani kila kitu kinatoka kwenye anwani yako itakadiria kodi na usafiri kwa anwani hiyo. Stoo ileile ya kufikirika, tena.

Mandhari? Chagua iliyo nyepesi, nenda kalale.

Najua wengine mnangoja niseme WooCommerce ni bure basi mambo kwisha. Si bure. Seva ni yako, masasisho ni yako, na siku programu-jalizi mbili zikigombana saa tisa usiku mlinzi ni wewe. Nilikubali kazi hiyo kwa sababu nataka hifadhidata ya oda iwe mikononi mwangu. Asiyetaka ulinzi wa usiku alipie huduma ambayo seva wanailinda wenyewe, na sitamcheka. Kuna siku namwonea wivu.

Ninachoomba ni saa mbili tu za kipindi cha majaribio, kabla hujagusa nembo. Weka bidhaa tatu za saplaya watatu. Jinunulie zote kwa oda moja, kwa barua pepe yako nyingine, na kwenye mstari wa pili wa anwani andika kitu. Kisha iharibu hiyo oda. Futa kimoja. Ingiza namba ya mzigo kwa kimoja. Badilisha anwani baada ya kulipa. Halafu fungua ile barua pepe nyingine, usome alichoandikiwa mteja, kama mteja.

Dada yule nilimwambia asimamishe matangazo siku hiyo hiyo, azipange oda kwa saplaya, awaandikie wale tisa mmoja mmoja kwa maneno yake mwenyewe, wa hasira zaidi kwanza. Akaniuliza sasa ahamie wapi, nikamwambia ajinunulie kwanza kwenye duka lake mwenyewe. Jana akanitumia picha ya skrini. Vitu vitatu, namba moja ya mzigo, alama ya kijani. Chini ameandika: "Nimeiona." Ameomba arudishiwe hela ya miezi minane iliyobaki. Mpaka naandika hapa wamemjibu mara moja, barua ya mtambo, inamshukuru kwa kuwachagua.