Dahab: mlima kwanza, bahari baadaye

Wengi wanaokwenda Dahab, kule Sinai nchini Misri, hupanga likizo yao kinyume. Huanza na bahari kwa sababu ndiyo iliyowatoa nyumbani, wakazamia siku nne tano mfululizo, kisha usiku wa mwisho wakapanda gari la saa tano usiku kwenda kuona jua likichomoza juu ya Mlima Musa. Kwa mzamiaji, mpango huo ni wa hatari.

Kilele kile kina mita 2,285. Aliyetoka majini saa tisa alasiri bado ana naitrojeni nyingi mwilini, iliyoyeyuka kwenye damu na misuli kwa mgandamizo wa maji. Kule juu mgandamizo wa hewa ni kama ule wa ndani ya ndege iliyo angani, na naitrojeni iliyopaswa kutoka taratibu hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Dalili ni maumivu ya bega au kiwiko, ganzi vidoleni, uchovu usio na sababu. Na kwa kuwa mtu amepanda mlima usiku kucha, hudhani ni miguu tu imechoka, akalala na dalili hizo badala ya kupewa oksijeni. Kanuni ya mzamiaji kabla ya kupanda ndege itumike hapa pia: baada ya kuzamia siku kadhaa, subiri angalau saa 18. Mimi nashikilia 24.

Kwa hiyo mlima uwe wa kwanza. Ukishuka, lala, bahari ni kesho yake. Siku ya mwisho kabla ya ndege kaa nchi kavu, ukiwafuata Mabedui wa kabila la Muzeina na ngamia wao kutoka Blue Hole, shimo refu la bahari kando ya ufuko, hadi Ras Abu Galum. Njia ile inafuata ufuko chini ya majabali, haipandi popote, na jangwa utaliona vizuri tu.

Jina la mji ni hii hii dhahabu yetu, na utulivu wake unatokana na jambo moja: huhitaji boti. Unavaa vifaa ufukweni, unaingia kwa miguu, na hatua chache mbele mwamba unashuka ghafla kwenda kina kirefu. Jangwa ndilo linaloyasafisha maji yale. Hakuna mto unaoleta tope, mvua ni ya nadra, ndiyo maana macho hufika mita 20 hadi 30.

Jangwa hilo hilo ndilo linaloikoza chumvi. Bahari ya Shamu upande huu ina gramu 40 hivi kwa lita, wakati Mafia au Watamu ni kama 35. Ongeza vazi la kuzamia lenye unene wa milimita 5, maana majira ya baridi maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na aliyezoea kuzamia kwetu atajikuta anaelea kama kifuu. Kilo moja au mbili zaidi za vipande vya risasi vya kukuzamisha kwa kawaida hutosha, lakini usikisie. Vaa kila kitu, ingia mahali ambapo miguu haifiki chini, toa hewa yote kwenye koti la kuelea, shika pumzi ya kawaida. Maji yakome usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame polepole. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa nayo ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11 ukishuka kutoka mgandamizo wa baa 200 hadi 50 huwa mwepesi kwa kiasi hicho. Asiyejua hili huanza vizuri, kisha hushindwa kutulia mita 5 mwishoni, pale hasa anapotakiwa kutulia ili naitrojeni itoke.

Mtu wa pwani yetu huuliza bamvua na maji mafu. Dahab maji hayapandi hata mita moja, kwa hiyo uliza upepo. Unavuma kutoka kaskazini na mara nyingi hukaza kadiri jua linavyopanda. Saa moja asubuhi bahari ni kioo. Saa sita mawimbi yanakupigiza kwenye matumbawe wakati wa kutoka.

Mchanga pia ni adui. Chembe moja chini ya kiwambo cha kutolea pumzi inatosha kukuingizia maji mdomoni kila uvutapo. Vifaa vikae juu ya mkeka, na kabla ya kubonyeza kitufe chochote visuuze. Kunywa lita 3 za maji kwa siku hata kama huna kiu: hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona.

Kuhusu Blue Hole, msimamo wangu ni mmoja: tao lake la mwamba, lililo chini majini, liache. Liko kwenye kina cha zaidi ya mita 50, nje ya kikomo cha mita 40 cha mzamiaji wa burudani, na ule mwanga wa buluu hulifanya lionekane fupi na la karibu. Kwenye mita 55 mtungi huisha mara sita na nusu haraka kuliko juu, huku naitrojeni ikikulevya. Mabamba ya majina ya waliokufa yako pale pale jabalini. Ingia Bells badala yake, ufa wa mwamba ulio jirani, mmoja mmoja, utokee karibu mita 27, kisha fuata ukuta ukiwa bega la kulia huku ukipanda kidogo kidogo. Utafika kwenye kizingiti cha kuingilia Blue Hole, kina cha mita 6 au 7, ukiwa bado na hewa. Tulia hapo dakika tatu, uwatazame samaki wadogo wa rangi ya chungwa wakicheza juu ya matumbawe.