Nyaya Zangu Hazitoki Nyumbani

Tulipokuwa tukihama, shemeji aliiona katoni yangu ya nyaya akaamua ni takataka. Niliikuta langoni, mtu wa skrepa ameshaitundika kwenye mizani. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Shemeji anasema nyaya zote ni zilezile. Si kweli! Chukua hizi za USB-C, zile za chaja za simu mpya: midomo yake ni sawasawa kabisa, lakini mmoja unabeba wati 60 na mwingine 240. Mmoja unapitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, mwenzake gigabiti 40. Kwa macho mara nyingi hutambui lolote, ndiyo maana kila waya wangu nimeubandika karatasi yenye maandishi. Projekta ya kanisani kwetu nayo bado inapokea picha kwa VGA, mtindo wa mwaka 1987, na laptopu nyingi za siku hizi zinatoa picha kwa HDMI, mtindo mpya zaidi, si VGA. Hapo waya mtupu hausaidii. Inatakiwa adapta yenye chipu ya kugeuza mawimbi, na adapta hiyo hutoka kwangu.

Lakini linaloniuma hasa ni jingine. Jirani yetu mmoja, mama mzee, alikuwa amehifadhi kamera ya dijitali ya marehemu mumewe. Picha hazikuwa kwenye kadi, zilikuwa kwenye kumbukumbu ya ndani ya kamera, na tundu lake lilikuwa la mini-USB, mtindo wa zamani. Vijana wake walishamwambia kifaa hicho kimekwisha. Nilichomoa waya kutoka katoni ileile, tukachomeka, na mzee akatokea kwenye skrini akiwa shambani, amevaa kofia yake, anacheka. Mama alinishika mkono, hakusema neno. Sasa niambieni, waya ule ungepimwa kilo shilingi ngapi?

Wapo wanaosema tatizo limekwisha kwa kuwa tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha simu mpya zichajiwe kwa USB-C. Ni sheria nzuri, naiunga mkono. Ila inahusu vifaa vipya, na sisi Nairobi tunaishi na vifaa vilivyopita mikononi mwa watu wawili watatu kabla yetu. iPhone ya zamani yenye tundu la Lightning, iliyonunuliwa mtumba leo, itahitaji chaja yake miaka mingi ijayo.

Na mnajua nyaya za skrepa huishia wapi? Kinachotafutwa ni shaba, na njia ya mkato ya kuipata ni kuchoma plastiki. Moshi wa PVC, plastiki inayofunika nyaya nyingi, una sumu iitwayo dioksini, na wanaouvuta kwanza ni watoto wanaoishi kando ya majaa.

Haya, waya uliochubuka hadi shaba ikaonekana siutetei. Unaweza kuchoma nyumba. Huo upelekwe kwa wanaochakata taka za kielektroniki, usichanganywe na maganda ya viazi.

Nyaya zilizobaki usizitupe. Na kama una kamera au simu ya zamani usiyojua waya wake, nitumie picha ya tundu lake.