Chapa ya moto ingali na kazi Lubumbashi

Siku hizi Lubumbashi, mtu akitaka kuweka jina la kampuni kwenye kitu chochote, jibu la kwanza analopewa ni sublimasheni, yaani kuhamisha picha kwa wino unaogeuka mvuke kwa joto. Presi zake zimeenea na picha hutoka na rangi zote. Kwa tishati za poliesta na vikombe sina ubishi. Lakini ndoo, sanduku la vifaa, mpini wa bisibisi au kibao cha plastiki chenye namba ya pampu ni kazi nyingine. Huko chapa ya moto, ile ya filamu na bamba la shaba, inaachwa bila sababu.

Wino wa sublimasheni hugeuka mvuke kwenye digrii 180 hadi 200 na kuingia ndani ya poliesta. Pasipo poliesta hauna pa kukaa: pamba huupoteza ikifuliwa, na kauri isiyopakwa koti maalumu haiushiki. Tena wino huo hauna rangi nyeupe, kwa hiyo kwenye salopeti (ovaroli) ya buluu iliyokolea hauonekani. Ndoo ndiyo kabisa. Hutengenezwa kwa polietilini nzito, inayoyeyuka karibu na digrii 130, au polipropilini, karibu na 160. Dakika nzima chini ya presi ya 190 itaharibu umbo lake.

Chapa ya moto nayo hutumia joto kali, ila kwa muda mfupi mno. Filamu nyembamba ya poliesta imebeba tabaka la kuachia, laka, rangi au alumini, kisha gundi kavu. Bamba la moto linaigandamiza juu ya plastiki kwa nusu sekunde hadi sekunde mbili. Gundi inashika, filamu inavutwa, na hakuna wino wa kusubiri ukauke. Bamba la shaba huacha herufi zimezama kidogo, na kuzama huko ndiko kunakozikinga vifaa vinapokwaruzana ndani ya gari la mgodi. Kwa uso usio sawa hutumika mpira wa silikoni. Silikoni hupitisha joto vibaya, kwa hiyo pima joto kwenye uso wa mpira wenyewe. Namba iliyo kwenye kidhibiti ni ya sahani ya nyuma, ambayo ni moto zaidi.

Herufi zikivimba kingo au matundu ya "a" na "e" yakizibika, joto au muda umezidi. Zikitoka na mapengo mahali palepale kila mara, angalia kitako kinachoshikilia kipande, au ubonyeo ulioachwa na ubavu wa ndani wakati plastiki ilipopoa kwenye kalibu. Chapa ikibanduka kama gamba, mara nyingi filamu hailingani na plastiki. Filamu iliyokusudiwa ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu, haifai kwa polipropilini. Polipropilini na polietilini mara nyingi huhitaji kwanza kupitishiwa mwali wa gesi haraka, na chapa ipigwe siku hiyohiyo, maana matayarisho hayo hufifia. Jaribu kwa maji: yakitandaa, uso uko tayari, yakijikusanya matone, bado.

Kwa vifaa vya viwanda vinavyoyeyusha shaba au kobalti kwa asidi ya sulfuriki, napinga filamu ya dhahabu au fedha. Mng'ao wake ni alumini, na asidi ikipenya kwenye kingo za herufi huila. Chagua filamu ya rangi ya kawaida, nyeupe au nyeusi.

Nembo ya rangi nne, au jina tofauti kwa kila kipande, ni kazi ya picha iliyochapwa tayari kwenye filamu na kuhamishwa kwa joto. Bamba la shaba hugharimu pesa kwa kila muundo, na kulichonga kwa vipande ishirini ni kujitia hasara.

Halafu kuna umeme. Nguvu ya kipashajoto hufuata mraba wa volti: laini ya SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikishuka kutoka 220 hadi 180, presi inapoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Kipande cha kwanza kinatoka safi, cha kumi kinabanduka, na watu wanalaumu filamu. Ongeza muda wa kusubiri kati ya vipande mpaka joto lirudi, au hamia jenereta.

Kaske ya usalama, ile kofia ngumu ya kazini, nisingeipeleka kwenye presi yoyote baada ya kutoka kiwandani. Joto na gundi vinaweza kudhoofisha ganda bila alama kuonekana. Nembo iagizwe kwa mtengenezaji pamoja na kaske zenyewe, hata kama itachelewa.