Jarida la Magari Linaaminika kwa Lipi: Pesa Yake au Vipimo Vyake?

Ukiwauliza wapenzi wa magari ni jarida gani wanaloliamini, mazungumzo hugeuka haraka kuwa ubishi kuhusu pesa. Upande mmoja husema majarida yamenunuliwa: yanaishi kwa matangazo ya watengenezaji, halafu yanaazimwa magari na watengenezaji hao hao. Upande wa pili hujibu kwamba bila matangazo hakuna jarida litakalomudu uwanja wa majaribio, vifaa vya kupimia na madereva wanaojua kulifikisha gari mwisho wa uwezo wake bila kuua mtu. Pande zote mbili zina hoja. Ila naona ubishi huu unasahau swali linaloamua zaidi, nalo ni hili: gari lilipimwaje, na je, mtu mwingine akirudia kipimo kile atapata jibu lile lile?

Malalamiko kuhusu pesa si ya kubuni. Gari unalolisoma jaridani kwa kawaida limetoka kwenye kundi ambalo mtengenezaji amelitenga kwa ajili ya waandishi. Mafundi wake wamelikagua, na mara nyingi ni toleo la juu lenye vifaa vyote na tairi pana kuliko zile za toleo la bei nafuu ambalo wanunuzi wengi watachukua. Mwandishi hukaa nalo wiki moja kisha linarudi. Uzinduzi nao una utaratibu wake: tiketi ya ndege, hoteli, njia iliyochaguliwa na mwenyeji, na tarehe ambayo kabla yake ni marufuku kuchapisha. Anayeandika vibaya si lazima agombezwe. Inatosha achelewe kualikwa safari ijayo, kwa sababu jarida linalotoka wiki tatu baada ya wenzake limekwisha kupitwa.

Wakati mwingine shinikizo huwa la wazi kabisa. Aprili 2005, kampuni ya magari ya General Motors iliondoa matangazo yake kwenye gazeti la Los Angeles Times baada ya mwandishi wake Dan Neil, aliyekuwa ameshinda tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka mmoja kabla, kulikosoa gari la kampuni hiyo, Pontiac G6, na uongozi wake. Kampuni ilidai kulikuwa na makosa ya ukweli. Matangazo yalirudi Agosti mwaka huo. Gazeti kubwa linaweza kuvumilia miezi kadhaa bila mteja mmoja, lakini jarida dogo ambalo karibu matangazo yake yote ni ya magari lina wigo mwembamba zaidi wa kuvumilia.

Hata hivyo, si kila sifa mbaya ya majarida imetokana na hongo. Jarida la Marekani la Motor Trend lilipolipatia Chevrolet Vega tuzo ya Gari la Mwaka la 1971, gari lile lilikuwa jipya, jepesi na lenye wazo la kisasa: bloku ya injini ya alumini isiyo na silivu za chuma, yaani mirija ya kulinda kuta za silinda. Kasoro zake zilihitaji muda kuonekana. Injini ikipata joto kupita kiasi, bloku ilipinda. Silinda zilichakaa na gari likaanza kula oili. Madigadi ya mbele yakashikwa na kutu. Hakuna wiki ya majaribio inayoweza kukuonyesha hayo. Tatizo liko kwenye tuzo yenyewe, ambayo inataka hukumu kabla ushahidi haujapatikana. Ndiyo maana orodha za washindi wa zamani zimejaa magari yaliyokuja kuwatesa wamiliki wake, na hali itaendelea kuwa hivyo hata wahariri wakiwa waadilifu kiasi gani.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuondoa pesa ya watengenezaji tu. Hapo nawataka watazame kilichotokea Ujerumani Januari 2014. ADAC ni chama cha wenye magari kinachoishi kwa ada za wanachama, na jarida lake lilikuwa likitoa tuzo ya gari linalopendwa zaidi na Wajerumani. Mwaka huo Volkswagen Golf ilitangazwa kuwa imepata kura 34,299. Ukweli ulikuwa kura 3,409. Mhariri mkuu alijiuzulu, na mwezi uliofuata rais wa chama akafuata. Pesa za wanachama hazikuzuia udanganyifu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa nje aliyeweza kuzihesabu kura upya.

Kisha kuna mfano wa upande wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote katika historia ya uandishi huu. Oktoba 1997, jarida la Sweden liitwalo Teknikens Värld, jarida la kibiashara kama mengine, lililipeleka gari jipya kabisa la Mercedes-Benz A-Class kwenye jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla. Jaribio ni rahisi kulieleza: dereva anaingia kwenye njia ya koni kwa mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa, anakata usukani kuingia njia ya pembeni, kisha anarudi mara moja njia yake, bila kugusa breki. Kukata kwa kwanza huegemeza uzito wote upande mmoja. Kurudi huutupa uzito ule upande wa pili huku springi zikiwa zimejibana na ziko tayari kusukuma, na hapo ndipo gari refu kwenda juu na fupi kwenda mbele hunyanyua tairi. A-Class ilipinduka.

Kilicholipa jaribio lile nguvu ni kwamba halikutungwa siku ile kwa ajili ya Mercedes. Waswidi walikuwa wakilifanya kwa miaka mingi, kwa magari mengi, kwa koni zilizopangwa vile vile. Kampuni haikuwa na pa kukwepea. Ilisimamisha uuzaji kwa takribani miezi mitatu, ikarekebisha springi na tairi, na ikaweka kwenye kila A-Class mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza, mfumo ambao hadi hapo ulikuwa wa magari ghali. Leo mfumo huo ni wa lazima kwa magari mapya Marekani na Ulaya. Hata vipimo vya koni viliingia kwenye kanuni za kimataifa, ISO 3888-2, kwenye njia ya jumla ya mita 61. Jarida lenye matangazo, likiwa na utaratibu usioyumba, lilibadilisha magari ya tabaka zima la wanunuzi.

Linganisha na kilichompata Audi. Novemba 1986, kipindi cha televisheni cha 60 Minutes huko Marekani kilirusha madai kwamba Audi 5000 linakimbia lenyewe. Picha zilionyesha pedali ya mafuta ikishuka bila mguu. Ili pedali ishuke, mtaalamu alikuwa ametoboa gia boksi na kuingiza shinikizo kutoka nje, jambo ambalo halitokei barabarani. Mwaka 1989 wakala wa usalama barabarani wa serikali ulihitimisha kwamba chanzo kikuu ni madereva kukanyaga pedali isiyo sahihi. Mauzo ya Audi Marekani yalikuwa yamekwisha kuporomoka. Kipindi kile hakikuwa kikimbeleza mtengenezaji hata kidogo, na bado kilipotosha.

Jibu zuri kwa hofu ya namna hiyo lilitolewa zaidi ya miaka ishirini baadaye, suala kama hilo lilipoibuka kwa magari ya Toyota. Jarida la Marekani la Car and Driver lilichukua Toyota Camry ya silinda sita, likaifikisha karibu kilomita 113 kwa saa, likaacha pedali ya mafuta imebanwa hadi chini na kukanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama ndani ya mita 58. Bila mafuta kubanwa, lilihitaji mita 53. Namba mbili tu, gari moja, mahali pamoja, na msomaji ameelewa kwamba breki zenye afya zinaishinda injini. Ndio uandishi ninaoutaka.

Wanaotetea majarida yasiyo na matangazo wana fahari moja halali, nayo ni Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza 1936. Hununua magari yake yenyewe bila kujitambulisha. Mwaka 2018 walipima Tesla Model 3 na kuona kwamba kutoka mwendo wa kilomita 97 kwa saa linahitaji mita 46 kusimama, umbali mrefu kwa gari la aina hiyo. Mara ya kwanza lilisimama vizuri. Mara zilizofuata lilisimama vibaya, hata baada ya breki kupoa usiku kucha. Hawakuchapisha haraka. Waliazima gari la pili, wakapata matokeo yale yale. Tesla ikatuma marekebisho ya programu, na umbali ukapungua hadi kama mita 40 na nusu. Ila hata jarida hilo halijasalimika. Mapema 2007 liliripoti kwamba viti vingi vya watoto wachanga vilifeli jaribio la kugongwa ubavuni. Ikaja kubainika kwamba maabara ya nje iliyopewa kazi ilitumia nguvu ya mgongano wa zaidi ya kilomita 113 kwa saa badala ya 61 iliyokusudiwa. Liliiondoa ripoti na kueleza sababu, na kwa hilo nalipa heshima. Lakini wazazi walikwisha kutishika.

Basi msomaji aangalie nini? Aanze na namba ya mbio kutoka sifuri, yaani sekunde ambazo gari linahitaji kufikia mwendo fulani, maana ndiyo inayotajwa zaidi na kuelezwa kidogo zaidi. Majarida makubwa ya Marekani hayawashi saa gari linapoanza kusogea. Huanza kuhesabu likiwa limekwisha kutembea sentimita 30 hivi, desturi iliyotoka kwenye mashindano ya mbio za moja kwa moja, na hilo huondoa karibu sekunde 0.3. Ulaya wengi hupima hadi kilomita 100 kwa saa, Marekani hadi maili 60, yaani kilomita 97. Ukilinganisha namba mbili kutoka pande hizo bila kujua hayo, unalinganisha vitu viwili tofauti. Motor Trend ilipopata sekunde 1.98 kwa Tesla Model S Plaid mwaka 2021, ilieleza wazi kwamba lami ilikuwa imepakwa dawa ya kunatisha tairi, na kwamba kwenye lami ya kawaida ilikuwa 2.07. Maelezo hayo yana thamani kuliko rekodi yenyewe.

Kwenye video hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wengi hupiga picha dashibodi na kuhesabu. Kanuni za Umoja wa Mataifa haziruhusu spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko halisi, lakini zinaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Sindano ikigusa 100, gari huenda liko 94. Kifaa cha GPS cha kupimia si ghali kama zamani. Anayejiita mchambuzi na hana hata hicho aache kutaja sekunde.

Ulaji wa mafuta ndio unaoumiza mifuko, na ndio unaopimwa kizembe zaidi. Njia ya kujaza tangi, kuendesha, kisha kujaza tena ni sahihi ikiwa umbali ni mrefu. Pampu ikijizima mapema au ikichelewa, kosa la lita 1.5 ni la kawaida. Kwa gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100, ukiendesha kilomita 100 tu kosa hilo ni zaidi ya asilimia 20. Ukiendesha 600 linashuka chini ya asilimia 4. Jarida likitoa ulaji bila kutaja umbali, namba ile ni pambo. Joto pia litajwe: hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa karibu asilimia 7 kuliko ya nyuzi 10, na injini isiyo na turbo huhisi tofauti hiyo moja kwa moja.

Wanaopenda majarida kwa ajili ya lugha yake watasema namba haziandiki hisia ya usukani. Wana haki, mradi hisia ionyeshe chanzo chake. “Gari limetulia barabarani” haisemi kitu. Ukiandika kwamba kwenye kona ya mwendo wa 80, nyuma ya gari huruka pembeni likikanyaga shimo kwa sababu magurudumu ya nyuma yameunganishwa na ekseli moja, na kwamba ukiongeza watu wawili nyuma springi hugota mwisho, mnunuzi mwenye familia amepata cha kukagua mwenyewe.

Kuna mpaka ambao majarida karibu yote hayakuuvuka. Udanganyifu wa moshi wa dizeli wa Volkswagen, uliotangazwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani Septemba 2015, uligunduliwa kwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Walifunga vifaa nyuma ya magari na kupima moshi barabarani. Jetta ilitoa oksidi za naitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kinachoruhusiwa. Gari hilo la dizeli lilikuwa limepewa na jarida la Green Car Journal tuzo ya gari la kijani, yaani lisilochafua mazingira, la mwaka 2009, tuzo iliyofutwa baadaye. Hakuna aliyehongwa katika hadithi hiyo. Waandishi walipima mbio na ulaji, na kwa moshi wakachukua neno la cheti.

Kazi ya kupima ni ghali, na wenye uwezo nayo wanapungua. Desemba 2019 wamiliki wa Motor Trend walifunga majarida 19 ya karatasi kati ya 22. Auto Bild ya Ujerumani bado ina desturi ya kutembeza gari kilomita 100,000 kisha kulifungua lote, bolti kwa bolti, na kupanga vipande sakafuni. Car and Driver hutembeza kilomita 64,000 na kuandika kila kilichoharibika. Majaribio hayo ndiyo yangeikamata Vega, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana kwa sababu matokeo yake hutoka gari likiwa limekwisha kuzoeleka sokoni. Mwenye kulipia jarida moja tu kwa mwaka na alipie lile lenye ripoti za namna hiyo, hata kama lina matangazo ya Mercedes kwenye jalada la nyuma.