Stendi Ndefu ya Nini kwenye Upepo Huu?

"Inafika futi sita! Uzito kilo moja tu! Inabeba kilo kumi!" Ni tangazo la stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Nimelisoma asubuhi hii kwenye status ya muuza vifaa vya picha, na chini yake kajaza vimoyo vyekundu utadhani anatangaza ndoa. Kilo moja ibebe kilo kumi, tena kwenye urefu wa futi sita. Punda wa Dodoma wanabeba maji tangu hatujazaliwa na hawajawahi kutoa ahadi ya namna hiyo.

Nimechoka. Kila mara kuna kijana ananiuliza achukue stendi gani ya kamera, ndogo, ya kusafiri nayo, isiyomaliza mfuko. Na kila anayekuja ameshaamua kichwani kwa mambo mawili: inafika wapi na ina uzito gani. Hakuna anayeuliza habari ya upepo. Hapa Dodoma! Walioandika hayo maelezo kwenye boksi nawaelewa, hawajawahi kusimama juu ya kilima cha kwetu mwezi wa Agosti saa kumi jioni. Lakini wewe uliyezaliwa Chang'ombe, unayefunga madirisha kila siku ili vumbi lisiingie kwenye mboga, wewe umesahauje?

Hebu tazama ukorofi wenyewe. Picha zinazodai stendi kweli kweli huku kwetu ni za usiku, nyota na mibuyu. Mvua zikishakata anga linatakata, na kuanzia Juni mpaka Agosti kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, kinapita juu kabisa usiku, wakati wenzetu wa Ulaya wanakitafuta kwenye ukingo wa upeo. Ukitoka kidogo nje ya taa za mji, ukaelekea Chamwino au Hombolo, unapata giza, unapata na mbuyu uliopukutisha majani yote. Basi huohuo ndio msimu wa upepo. Unatoka mashariki na kusini-mashariki, unavuma mchana kutwa, na usiku mwingine haulali. Na nyota kwa lenzi ya milimita 24 zinataka shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, iwe wazi sekunde 15 hadi 20. Kamera itulie tuli sekunde 20, huku upepo unagombana na mabati. Sasa hiyo futi sita yako unaipeleka wapi?

(Wale wa "kamera yangu ina kitulizo ndani, inazuia mtikisiko yenyewe": hakuna kitulizo kitakachoutuliza mkono wako sekunde 20. Tuendelee.)

Siri yote iko kwenye mguu wa mwisho. Ili stendi ikunjike iwe fupi, mguu unakatwa vipande vinavyoingiana, na kila kipande lazima kiwe chembamba kuliko kilichokitangulia, la sivyo hakiingii. Nilichukua rula nikapima stendi ya kijana mmoja, ya vipande vitano, nzuri machoni, rangi ya chungwa kwenye maungio. Bomba la juu milimita 22. Likafuata la 19, la 16, la 13. La mwisho kabisa, lile linalogusa ardhi na kubeba vyote vilivyo juu yake, milimita 10. Kumi! Chukua sasa stendi ya vipande vinne inayoanza na 25: inakwenda 22, 19, inaishia 16. Na usidhani tofauti ya 10 na 16 ni ndogo. Bomba likiongezeka unene mara mbili, ukuta wake ukiwa uleule, ugumu wake wa kutopinda unaongezeka karibu mara nane. Kwa hiyo mguu wa milimita 16 unazidi ule wa 10 kwa ugumu mara nne hivi. Mara nne, kwa stendi ambayo ikikunjwa imemzidi mwenzake sentimita tano au sita ndani ya begi. Hizo sentimita ndizo watu wanazilipia, halafu usiku wanarudi nyumbani na nyota zenye mikia.

Halafu kuna mlingoti wa katikati. Zile futi sita za kwenye boksi zimepimwa mlingoti ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Ukishaupandisha, kamera yako imekaa juu ya kijiti kimoja, na miguu mitatu iko chini inatazama. Muulize muuzaji urefu mlingoti ukiwa chini. Akikwambia "ndo huohuo," ondoka.

Msimamo wangu ni huu na sitaubadilisha: nunua fupi. Stendi inayokufika kifuani, mlingoti ukiwa chini, miguu minene. Sentimita 120, 130, inatosha. Utainama? Utainama. Skrini za kamera nyingi za sasa zinafunguka na kugeuka, na mawe ya kukalia Mungu ametupa mengi kuliko mkoa wowote ninaoujua. Tena mbuyu ukipigwa kutoka chini ndio unajaza anga. Ukipigwa kwenye usawa wa macho yako unakuwa mti tu.

Dukani ifungue yote. Vuta vipande vyote, mlingoti uache chini, weka kiganja juu ya kichwa chake, kandamiza, kisha zungusha kidogo kama unafungua mfuniko wa dumu. Ikijinyonga miguuni, umeshapata jibu. Kama umekuja na kamera, ifunge juu yake na lenzi yako ndefu kuliko zote, kuza picha kwenye skrini mara kumi, piga mguu mmoja kwa kidole, halafu tazama picha inacheza kwa muda gani mpaka itulie. Hapo nilipofanya hivyo Kariakoo muuzaji alinitazama weee, akaniuliza, "Kaka, unanunua au unavunja?" Nikamwambia bora ivunjikie kwako. Hakucheka.

Na hizo "kilo kumi" zisikubabaishe. Watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachokifuata wote. Kila mmoja anajipimia, na anachopima ni kama itaanguka. Wewe hujali kuanguka, unajali kutetemeka.

Sasa nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Uzito una siku yake. Ukienda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, lami inakufikisha kijijini lakini kwenye michoro yenyewe unapanda kwa miguu, jua la saa sita, na kila nusu kilo unaijua kwa jina. Michoro hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951, na nina hakika hakubeba mzigo mwepesi kuliko wako. Ila hata kule, kinachokusaidia zaidi ni miguu inayofunguka kila mmoja kwa pembe yake, maana chini ni mwamba ulioinama: mguu mmoja juu ya jiwe, wa pili kwenye ufa, wa tatu karibu umelala. Zile stendi za plastiki za elfu hamsini, zenye vijiti vinavyounganisha miguu na mlingoti, zinajua pembe moja tu. Kwenye mwamba ni mapambo.

Mtaniuliza, na kaboni? Ni nyepesi, na mtetemo inaumeza vizuri kuliko alumini, sibishi. Lakini fanya hesabu. Stendi ya safari ya kampuni ya Peak Design ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa dola 350 ya alumini na dola 600 ya kaboni. Tofauti ya uzito haifiki gramu 300. Dola 250 kwa uzito ulio chini ya ile chupa ya nusu lita utakayoinywa kabla ya kufika Kondoa! Mwenye nazo anunue, sisi wengine tuendelee na alumini. Na nyie wa harusi na sendoff hamhusiki na makala hii, mna gari.

Vumbi sasa. Maungio ya kuzungusha au ya kubana kwa kishikio, yote vumbi letu linayaingia. Tofauti ni kwamba ya kuzungusha mengi unayafungua kwa mkono, unafuta kwa kitambaa kikavu, unarudisha. Usipake mafuta, utakuwa umeweka gundi ya vumbi. Na ukiwa kwenye mchanga, kipande cha chini kabisa kitoe japo kidogo, ungio lisilale ardhini.

Kulabu iliyo chini ya mlingoti watu wanaipenda, wanatundika begi, begi linapigwa na upepo, linabembea, linatikisa stendi iliyotundikwa ili isitikisike. Tia mawe kwenye kiroba, tundika kwa kamba mpaka kiroba kiguse chini.

Faida nyingine ya ufupi ni ya kijamii. Mji huu tangu ulipoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 umekuwa unapimwa, unapimwa tena, na mwenye kiwanja hana usingizi. Simamisha kitu chenye miguu mitatu popote, watu wanajua umeleta bikoni. Jioni moja upande wa Chamwino mzee alitujia na fimbo yake, "mbukwenyi" (salamu ya Kigogo) ya haraka haraka, kisha moja kwa moja: "Mnapima kwa kibali cha nani?"

"Shikamoo mzee. Hatupimi, tunapiga picha tu."

"Picha ya shamba langu?"

Ilibidi nimwonyeshe mbuyu wake kwenye skrini. Akautazama kwa muda, akasema ulioko nyuma ya nyumba yake ni mkubwa zaidi. Ulikuwa mkubwa zaidi kweli. Mjini napo ni hivyohivyo, ila huko badala ya mzee ni mlinzi: kamera ikiwa mkononi wewe ni mpiga picha, ikikaa juu ya stendi umeshakuwa mpelelezi, na kadiri stendi ilivyo ndefu ndivyo anavyokuja mbio.

Ya kampuni gani, basi? Sina dini ya kampuni. Ukiwa na laki mbili au laki mbili na nusu, tafuta ya alumini, vipande vinne, mguu wa mwisho usipungue milimita 15, kichwa cha gololi, kinachogeuka kila upande, chenye pleti (kile kibamba kinachofungwa chini ya kamera) ya mtindo wa Arca, unaoingiliana na vichwa vya kampuni nyingi, ili uweze kubadilisha kichwa baadaye bila kuanza upya. Iliyotumika ni sawa, mradi maungio yote yanakaza. Na hapohapo nunua pleti ya pili, kwa sababu ya kwanza utamwazima mtu kwenye mahafali na hutaiona tena.