Whirlwind haikuwa injini ya kuzunguka

Mwandishi, ahsante kwa makala yako ya kutukumbusha safari ya 1927 ya rubani Charles Lindbergh, aliyevuka Atlantiki peke yake bila kutua, lakini umeteleza pale uliposema silinda za injini yake zilizunguka pamoja na propela. Hizo ni zile injini za Gnome za Ufaransa. Ya Lindbergh, Wright Whirlwind J-5, silinda zake zilitulia tuli. Kilichozunguka ni kranki, yaani mhimili wa katikati, pamoja na propela.

Mimi fundi wa magari, na kinachonivutia ni zile silinda 9. Kwa nini witiri? Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili ya kranki, basi zikipangwa duara huwashwa moja na kurukwa moja: 1, 3, 5, 7, 9, halafu 2, 4, 6, 8. Zingekuwa shufwa, mlipuko usingepishana sawasawa.

Halafu rejeta hakuna! Hakuna maji, hakuna bomba la mpira la kupasuka juu ya Atlantiki. Mhandisi Samuel Heron aliongeza mapezi (bati nyembamba) ya kupozea, akazitenganisha vali mbili za kila silinda, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, ili upepo upenye katikati, maana hapo ndipo joto huuma zaidi. Nguvu farasi kama 220 hivi, saa 33 na nusu bila kuzimika. Daladala zetu zingeomba poo.