Mhariri wa tasnifu ya uzamivu: msaada au udanganyifu?

Kumlipa mhariri wa lugha aipitie tasnifu, yaani andiko la utafiti la shahada ya uzamivu (PhD), kabla haijaenda kwa watahini bado kunawakera baadhi ya wasimamizi. Hoja yao ina uzito: shahada ni ya mtahiniwa, na uwezo wa kuandika ni sehemu ya kinachopimwa. Tena wapo wanaojiita wahariri ambao huandika upya sura nzima ya uchambuzi. Huo ni udanganyifu, uitwe jina lolote.

Ila tazama kazi yenyewe. Sura ya tatu ya tasnifu nyingi, ile ya mbinu za utafiti, hutoka moja kwa moja kwenye pendekezo la utafiti, ikiwa katika wakati ujao: "data zitakusanywa", "watafitiwa 40 watateuliwa". Utafiti unakwisha, sura inabaki vilevile. Mtahini akikutana na "zitakusanywa" katika kazi iliyokamilika, huanza kujiuliza kama kinachoelezwa ndicho kilichofanyika uwandani. Utafutaji wa kawaida wa kompyuta hausaidii sana hapa: ukitafuta "ta" inakuletea mtafiti, kitabu, taarifa na takwimu. Lazima mtu apite kitenzi kwa kitenzi. Na kugeuza -ta- kuwa -li- hakutoshi, maana huenda walioteuliwa walikuwa 40 na waliopatikana wakawa 37, huku ikisiri (muhtasari wa mwanzoni mwa tasnifu) ikiendelea kudai 40. Mhariri anayeijua kazi yake haigusi tarakimu hiyo, anaandika pembeni: "Sura ya nne inasema 37. Ipi sahihi?" Jibu analo mtahiniwa peke yake.

Mtahiniwa mwenyewe hajiulizi swali hilo, kwa sababu ameshaisoma sura hiyo mara nyingi mno. Msimamizi naye ameizoea. Programu za akili unde (AI) ndizo za kuogopwa zaidi, kwani huweza kulainisha sentensi na kuliacha kosa mahali pake.

Kinachohitajika ni utaratibu. Mhariri aipokee kazi baada ya msimamizi kuridhika na maudhui. Kila badiliko lionekane kwenye faili, mtahiniwa alikubali au alikatae, na nakala hiyo itunzwe. Vyanzo vilivyotajwa ndani vilinganishwe na orodha ya marejeleo, kisha orodha nayo ilinganishwe na matini. Namba za kurasa kwenye yaliyomo zihuishwe mwisho kabisa, kwani aya moja ikifutwa kurasa zinazofuata zinaweza kuhama.

Msimamizi anayehofu kwamba mtahiniwa kaandikiwa anayo siku ya utetezi wa tasnifu mbele ya watahini: amfungulie ukurasa wowote wa uchambuzi, amwambie aeleze alifikaje hapo.